Neno KATA: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimehariri na kufasiri Kiswahili kwa miaka mingi, na hakuna neno lililoniletea maswali mengi kama hili. Huulizwa na wanafunzi, na wakalimani wa mahakamani, na wageni wanaojifunza lugha, na hata Waswahili wenzangu waliovuka mpaka kwenda kuoa. Nimekusanya hapa yale yanayorudi kila mara. Kata si neno gumu. Linataka tu uangalie limekaa na nani.

Maana ya msingi ya kata ni ipi?

Kutenganisha kitu kwa chenye makali: kukata mti, kukata nyama, kukata kamba. Hiki ni kitenzi cha Kibantu cha zamani sana, si cha kuazima. Kwenye maana hiyo moja zimechipuka nyingine, na ukizitazama utaona zimefuata njia chache tu.

Njia ya kwanza ni kukoma au kukomesha. Maji yamekata (bomba halitoi), mvua imekata, damu haikati, nimekata kiu, nimekata hamu, amekata tamaa, amekata roho. Kitu kilikuwa kinaendelea, sasa hakiendelei.

Njia ya pili ni kuamua: kukata shauri, kukata maneno, kukata kauli. Palikuwa na mambo mawili yanayovutana, mtu akapitisha kisu katikati.

Njia ya tatu ni kupita kwa kupasua: kukata mbuga, kukata mitaa, kukata kona, jahazi kukata mawimbi.

Ya nne ni kupunguza sehemu ya kitu kizima. Humo ndimo yanamotoka makato ya mshahara, na ile lugha ya kisiasa ya jina kukatwa. Julai 2015, jina la Edward Lowassa lilipokosekana kwenye majina matano ya waliobaki kuwania urais kupitia CCM, aliyesema "amekatwa" hakuhitaji kueleza zaidi.

Njia ya tano ni ya hati, nayo inahitaji swali lake.

Kwa nini tunasema "kukata tiketi" wakati hakuna kinachokatwa?

Kinakatwa, au angalau kilikuwa kikikatwa. Nenda stendi yoyote ambako bado wanaandika kwa mkono. Karani ana kitabu, katikati ameweka karatasi ya kaboni. Anaandika jina lako, namba ya kiti na nauli, anakandamiza kalamu ili iandike mpaka nakala ya chini, kisha anashika karatasi ya juu na kuichana kwenye vitundu vyake. Wewe unaondoka na kipande, yeye anabaki na kishina. Ukishaiona kazi hiyo kwa macho, neno halikushangazi tena.

Kutoka hapo neno limesambaa kwenye kila hati unayoilipia: kukata leseni, kukata bima, kukata risiti. Leo tiketi inakuja kwa ujumbe wa simu, hakuna kishina wala kaboni, na bado tunaikata. Wapo wanaotaka tuseme "kununua tiketi" kwa kuona ndiyo sahihi zaidi. Siwaungi mkono. Kununua tiketi si kosa, ila kukata tiketi ndiyo lugha ya msafiri, na haina cha kusahihishwa.

"Amekata rufaa": rufaa imekubaliwa au imekataliwa?

Wala hiki wala kile. Imewasilishwa tu. Mkalimani mmoja aliyekuwa bado anajifunza kazi alinisomea tafsiri yake ya sentensi "Mshtakiwa amekata rufaa." Alikuwa ameandika, kwa lugha ya pili, kwamba rufaa ya mshtakiwa imetupwa. Nilipata baridi. Mtu anaweza kukaa gerezani akisubiri jambo ambalo tafsiri imekwisha kulizika.

Neno rufaa lina asili ya Kiarabu, na humo lina maana ya kuinua, kupandisha juu. Hukumu ya chini unaipandisha kwa mahakama ya juu. Kitenzi tulichokipa ni kata, nacho hapa kiko karibu na kukata shauri: mtu ameamua kutoishia hapo.

Maneno yanayofuatana na hilo ni haya. Anayekata rufaa ni mrufani, na wa upande wa pili ni mjibu rufani. Mahakama ya juu kabisa Tanzania inaitwa Mahakama ya Rufani. Rufaa ikishindwa hatusemi imekatwa, tunasema imetupwa, imetupiliwa mbali au imekataliwa. Ikishinda, imekubaliwa. Na kabla ya rufaa yenyewe kuna kusudio la kukata rufaa. Kwa kesi ya jinai inayotoka mahakama ya hakimu kwenda Mahakama Kuu, sheria ya Tanzania inatoa siku 10 kutoa kusudio na siku 45 kuleta rufaa yenyewe. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 na Kiswahili kufanywa lugha ya sheria na mahakama, maneno haya yako mdomoni mwa watu wengi zaidi, na ni muhimu yakae sawa.

Nimeandikiwa "Mzee amekata kauli." Nianze kulia?

Inategemea aliyeandika ametoka wapi, na hili si jambo dogo.

Binti wa kwetu aliolewa upande wa Kenya. Kulikuwa na mazungumzo marefu ya shamba la urithi, na baba mkwe alikuwa hajasema lake. Jioni moja ukaingia ujumbe kwa mama wa binti: "Shikamoo mama. Mzee amekata kauli, tutawapigia kesho asubuhi." Mama alisoma mara mbili, akaketi chini palepale ukumbini, na ndani ya nusu saa majirani walikuwa wamejaa. Kwao, mgonjwa akikata kauli ana maana amefikia kiwango cha kutosema tena, na kinachofuata kila mtu anakijua. Mzee mwenyewe alikuwa mzima, amemaliza kula ugali. Alikuwa ameamua tu kwamba shamba ligawiwe sawa.

Maana zote mbili ni za Kiswahili sanifu, na kamusi zinazitaja zote. Kenya ile ya kuamua imeenea zaidi, hasa magazetini: "Serikali yakata kauli." Kwingi Tanzania, anayesikia neno hilo kuhusu mzee hukimbilia ile ya kitandani. Ushauri wangu: ukimwandikia mtu wa upande wa pili juu ya mtu mzima au mgonjwa, andika "ameamua" au "ametoa uamuzi". Usimtie mwenzio presha.

Na "kukata shauri"?

Ni kuamua, bila hofu yoyote ya kifo. Makanisani lina uzito wa pekee: mhubiri akiuliza nani amekata shauri, anauliza nani ameamua kumfuata Yesu.

Je, "kukata roho" ni lugha ya heshima?

Si tusi. Hata hivyo linaonyesha tukio lenyewe, ile pumzi ya mwisho, kwa hiyo hufaa kwenye simulizi: "alikata roho njiani kabla hawajafika hospitali." Kwenye tangazo la msiba na salamu za pole tumia kufariki au kutangulia mbele ya haki. "Kukata kamba" ni la vijana wakiwa wenyewe kwa wenyewe. Usilipeleke kwenye matanga.

Kata ya serikali ni nini? Mbona Mkenya na Mtanzania hawaelewani hapa?

Kwa sababu wanazungumzia vitu viwili tofauti kwa jina moja.

Tanzania Bara, ngazi zinashuka hivi: mkoa, wilaya, tarafa, kata, kisha kijiji au mtaa, na chini ya kijiji kuna kitongoji. Kata ndiyo eneo linalomchagua diwani. Ina Mtendaji wa Kata, ambaye kwa kawaida watu humwita "mtendaji" tu, na ina Baraza la Kata, chombo cha usuluhishi kilichowekwa kwa sheria ya mwaka 1985. Ni humo jirani wawili waliogombea mpaka wa shamba huanzia.

Kenya, eneo linalochagua mwakilishi kwenye bunge la kaunti huitwa wadi, na mwakilishi huyo ni mwakilishi wadi. Kata Kenya ni eneo la chifu, na chini yake kuna kata ndogo, ya naibu wa chifu. Kwa hiyo kata ya Mtanzania inakaribiana na wadi ya Mkenya, na kata ya Mkenya haina mwenzake kamili Tanzania.

Zanzibar nako kuna mpangilio wake: ngazi ya chini inaitwa shehia, kiongozi wake ni sheha, na madiwani huchaguliwa kwa wadi. Mtu wa Unguja akisema "sheha wetu" usimsahihishe ukadhani amekosea mtendaji.

Nimeona ripoti ya mradi iliyofasiriwa na mtu asiyejua tofauti hii, ambamo takwimu za maeneo ya machifu wa Kenya zilipangwa jedwali moja na kata za Tanzania, zikalinganishwa kana kwamba ni kitu kimoja. Kila namba ilikuwa sahihi, na jedwali zima lilikuwa halifai.

"Shule ya kata" ni shule ya aina gani?

Ni sekondari ya serikali ya kutwa iliyojengwa kwenye kata, mara nyingi kwa nguvu za wananchi wenyewe: mchanga, mawe, matofali ya kuchoma, na michango. Ziliongezeka kwa kasi baada ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari kuanza mwaka 2004. Watu wakatumia jina hilo kwa kebehi, kana kwamba kusoma shule ya kata ni kusoma nusu. Mimi naliandika bila alama za kunukuu. Watoto wengi wa vijijini wasingeiona sekondari kama shule hizo zisingejengwa.

Kata ya maji nayo ilitoka wapi?

Hii ni nomino nyingine kabisa, na naipenda kuliko zote.

Kwa bibi yangu Pangani, mtungi wa maji ulikaa kwenye kona ya baraza, juu ya mchanga uliolowa. Juu ya kifuniko palilala kata: kifuu cha nazi kilichokatwa upande wa juu, kikasuguliwa ndani mpaka kikawa laini, kikatobolewa matundu mawili, na mti mwembamba ukapitishwa uwe mpini. Ukizamisha kata mtungini unasikia sauti, kisha maji yanatoka na ubaridi wa udongo na harufu ndogo ya nazi ambayo haiishi hata kifuu kikiwa na miaka. Haturuhusiwi kunywa moja kwa moja kwenye kata. Unamimina kwenye kikombe. Aliyeweka mdomo aliambiwa aioshe na mtungi mzima, na ni kazi.

Msiichanganye na upawa. Upawa pia ni wa kifuu, lakini ni wa kina kifupi, na kazi yake ni mchuzi na uji. Kata ina kina zaidi kwa sababu ni ya kuchotea maji. Siku hizi watu huita vyote kata, au hutumia kikombe cha plastiki, na jina linakwenda na chombo.

Nimesikia pia kata ya kichwani. Ni ileile?

Hapana, hiyo ni ya tatu. Ni kitambaa, kanga au majani yaliyosokotwa mviringo na kuwekwa utosini ili ndoo au mzigo wa kuni ukae sawa. Wengi huita ngata.

Neno hili lina ndugu mbali sana. Waganda wana enkata, kitu kilekile, kazi ileile. Wazulu wana inkatha, nao wameipa heshima kubwa: kwao ile duara iliyosokotwa imekuwa alama ya umoja wa taifa, na chama cha Inkatha kilichoanzishwa na Mangosuthu Buthelezi mwaka 1975 kimechukua jina humo. Mwanamke wa Handeni aliyekunja kanga yake asubuhi akaenda kisimani ana neno moja na Mzulu wa kusini kabisa mwa bara. Watu waligawanyika zamani, kila mmoja akaenda njia yake, na wote wakabeba ngata.

Tazama pia sauti. Ndugu zetu wamebaki na n mbele ya k: enkata, inkatha. Kiswahili kimeiangusha n hiyo, na katika lahaja za Mombasa na Lamu imeacha alama yake kama pumzi juu ya konsonanti. Wazee wa huko huyatofautisha kwa pumzi hiyo maneno ambayo sisi wengine tunayatamka sawa, mfano paa la nyumba na paa wa porini. Maandishi ya kawaida hayaonyeshi tofauti hiyo, ndiyo maana msomaji anaona neno moja pale ambapo sikio la Mmvita linasikia mawili.

Ngeli haiwezi kunisaidia kuzitofautisha?

Kwa bahati mbaya haisaidii. Kata ya diwani, kata ya maji na kata ya kichwani zote ni za i-/zi-: kata hii, kata hizi. Utazijua kwa kilicho kando yake. Kata ikijaa wapiga kura ni moja, ikijaa maji ni nyingine.

Kukata, kukatika, kukatisha, kukatiza, kukatia: tofauti ni nini?

Hapa ndipo Kiswahili kinaonyesha ufundi wake, na hapa ndipo wageni wanapopotea.

Umeme *umekatwa* na umeme *umekatika* si habari moja. Wa kwanza kuna mtu ameukata, pengine kwa sababu hujalipa. Wa pili umekwenda wenyewe, hakuna anayelaumiwa katika sentensi. Msikilize msemaji yeyote akitangaza hitilafu, utaona anavyochagua. Simu nayo: "simu ilikatika" ni mtandao, "alikata simu" ni yeye, na "alinikatia simu" ni yeye na mimi nimeumia.

Jikoni, tui *hukatika*. Ukiliacha lichemke bila kukoroga, linagawanyika, mafuta upande mmoja na maji upande mwingine, na mchuzi unaonekana kama umelowa vumbi. Ndiyo maana mama huwezi kumwita wakati tui liko motoni. Maziwa yaliyokaa nayo hukatika.

*Kukatisha* ni kufanya kitu kiishie njiani. Kumkatisha mtu tamaa, kukatisha masomo, na lile linalowauma wakazi wa Dar es Salaam: daladala kukatisha ruti. Ubao wa gari unasema linafika mwisho wa njia, umelipa nauli yote, ghafla mnafika kituo cha kati na konda anasema, "Mwisho hapa, tunageuza." Abiria wenye mizigo na watoto wanashuka gizani kutafuta gari jingine na nauli nyingine. Ni kosa kisheria, na neno lake lipo, kwa hiyo litumie unapolalamika: gari limekatisha ruti.

*Kukatiza* ni kupita katikati ya kitu, iwe maneno ya mtu au uwanja wa shule. "Samahani kwa kukukatiza" ni adabu ya kila kikao.

*Kukatia* ni kukata kwa ajili ya mtu: nikatie tiketi, wamemkatia bima. Angalizo moja: kwa vijana wa Nairobi, kumkatia msichana ni kumtongoza. Ukiwa huko, sema wazi kwamba unamkatia tiketi.

Je, katika, kataa, katu, katiba na mkataba ni ndugu wa kata?

Katiba na mkataba si ndugu zake. Wao ni wa ukoo wa katibu, wenye asili ya Kiarabu, na jambo lao ni kuandika. Katu nayo ni ya Kiarabu. Katika, kihusishi, ni jirani wa kati na katikati, ndiyo maana unaweza kusema "umeme umekatika katika mtaa wetu" na maneno hayo mawili yasijuane. Kataa ni kitenzi kinachojitegemea: aliyekatwa na aliyekataliwa wana majeraha tofauti.

Mkata na ukata?

Mkata ni maskini, na ukata ni hali yake ya kukosa. Gazeti likiandika kwamba timu inakabiliwa na ukata, lina maana haina fedha. Mkato nao ni alama ya kuandikia (wengine huiita koma), na njia ya mkato ni ile fupi.

Nikimwambia daktari "tumbo linakata" atanielewa?

Akiwa amezoea Kiswahili cha wagonjwa, atakuelewa sana. Kukata ni maumivu makali yanayokuja na kwenda, kama kisu. Kunyonga ni kama utumbo unasokotwa. Kuwaka moto kunaelekea kifuani. Kuvuta kuko chini na kunachosha. Mweleze hivyohivyo, usiseme "linauma" tu kwa kudhani hayo ni maneno ya kienyeji. Ni maelezo sahihi, na muuguzi mzoefu huyaandika.

Programu za kufasiri zinakosea sana neno hili. Nifanyeje?

Usilipeleke peke yake. Liandike pamoja na yambwa yake, yaani kile kinachokatwa, maana neno linalofuata baada ya kata ndilo linalobeba habari: tiketi, rufaa, tamaa, kona, kiu. Kwenye menyu ya kompyuta na simu ni rahisi, Kata iko pamoja na Nakili na Bandika, na hapo ina maana ileile ya mkasi. Pengine pote, soma sentensi nzima kwanza. Na kama ni hati ya mahakama, ya hospitali, au ujumbe wa mzee aliyekata kauli, mpigie simu aliyeandika umuulize.